Ermete Tanzi na Stola ya Zambarau

Huku kwetu bondeni, upande wa milimani kutoka Parma, mtu hupimwa kwa mambo mawili: nyama anayoikausha na sauti anayoitoa. Ermete Tanzi alijaliwa yote mawili. Mchana alikuwa kwenye ghala la mapaja ya nguruwe, yale yanayotiwa chumvi na kuning'inizwa miezi na miezi mpaka upepo wa mlimani uyaivishe. Kazi yake ilikuwa kunusa. Analichoma paja kwa sindano ya mfupa wa farasi, anaichomoa, anaipitisha chini ya pua, kisha anasema "hili sawa" au "hili litolewe", na hakuna wa kumbishia. Jioni anaoga, anapaka mafuta pale kichwani palipobaki nywele, anakwenda kwenye ukumbi wa mji kuimba sauti ya nne katika kwaya. Alifanya hivyo tangu hajaoa. Hata mkewe, Nives, alimpata huko huko, kwenye safu ya sauti ya pili.

Waimbaji wakubwa wa opera huja kwetu kwa treni na huondoka kwa treni. Kwaya ni ya mji. Ni vinyozi, mafundi bomba, wauza jibini, akina mama wa kukanda unga, na kila mmoja ana nafasi yake jukwaani kama alivyo na nafasi yake kanisani. Na mbele yao, juu kabisa karibu na dari, kuna roshani ya watu wasio na viti vizuri. Hao ndio wanaoogopwa. Wanajua kila opera kwa moyo, na mwimbaji akikosea noti moja wanamzomea bila kujali ametoka Milano au mbinguni. Mtoto wa hapa hapa wanamzomea zaidi, maana wanamjua mpaka bibi yake.

Ermete hakuwahi kuzomewa peke yake, kwa sababu hakuwahi kuimba peke yake. Alikuwa na umri wa kuitwa babu, na bado hakuwa ameimba hata mstari mmoja wa kwake mwenyewe. Hakulalamika. Lakini Nives alimjua. Kila mara mgeni fulani alipopewa sehemu ndogo ya mlinzi au ya mjumbe, Ermete aliikariri nyumbani huku akikata vitunguu, kama mtu anayeonja chakula cha harusi asiyoalikwa.

Ndipo ukaja mwaka wa opera ya Mtawa Anselmo.

Ni opera kubwa, ya zamani, yenye vitendo vinne na moshi mwingi. Anselmo ni mtawa kijana anayeshawishiwa na Shetani aondoke kwenye nyumba ya watawa. Shetani anamjia mara kama mfanyabiashara, mara kama mwalimu, mara kama rafiki wa utotoni, na mwisho kama mfalme. Anselmo anaonja kila kitu cha dunia, na kila kitu kinageuka majivu mdomoni. Katika kitendo cha nne anarudi usiku wa mvua, anaanguka mlangoni, hathubutu kubisha. Kasisi mzee, bawabu wa nyumba ile, anafungua na kumwimbia mstari mmoja: "Ingia, mwanangu. Mlango huu hatukuufunga." Kisha watawa wote wanakuja, wanamwinua kwa mikono, wanamwingiza ndani, na pazia linashuka.

Mstari huo mmoja maestro Lusardi, kiongozi wa muziki, alimpa Ermete.

"Mimi?" Ermete aliuliza.

"Wewe, Tanzi. Nataka sauti ya mtu aliyewahi kumfungulia mtu mlango. Hawa wa Milano wanafungua midomo tu."

Nives alisikia habari hiyo jikoni. Alitoa unga kabatini akaanza kukanda, akatengeneza tortelli, zile tambi za kujazwa majani na jibini, siku isiyo ya sikukuu. Huko ndiko kushangilia kwake.

Ermete aliuchukua mstari ule kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Alikwenda kwa paroko wetu, Don Silvio, kumwuliza kasisi husimama vipi anapomsamehe mtu, mikono huiweka wapi, macho huyatazamisha wapi. Don Silvio alikuwa akipiga brashi viatu vyake.

"Macho usiyakaze," alimwambia. "Mtu aliyekuja kutubu hataki kukodolewa. Na usiwe na haraka. Wengi wetu tuna haraka." Halafu akaingia sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, akatoka na stola kuukuu ya kitubio, ukanda wa kitambaa anaouvaa padre shingoni anapomsamehe mtu, rangi yake ya zambarau imefifia kwenye mikunjo. "Chukua hii ya kufanyia mazoezi. Ukiwa nayo shingoni, mabega yatajua yenyewe la kufanya."

Na kweli mabega yalijua. Kila jioni Ermete aliivaa stola ile jikoni, akamwimbia Nives, akamwimbia paka, akauimbia mlango wa friji. Nives alimwambia, "Friji limesamehewa vya kutosha, sasa kaa ule." Lakini aliposikia mstari ule kutoka chumba cha pili, aliacha alichokuwa akifanya.

Sasa, kuna jambo ambalo mtoto yeyote wa ukumbi wa opera huku kwetu analijua kabla hajajua kusoma. Zambarau haipandi jukwaani. Hata kitambaa cha mfukoni, hata ua. Zamani, Kwaresima ilipoingia na makasisi kuvaa rangi hiyo, kumbi zote zilifungwa siku arobaini, na waimbaji na watoto wao walilala njaa. Njaa ilikwisha, woga ukabaki. Ermete mwenyewe alishawahi kumrudisha mlangoni bibi mmoja aliyekuja mazoezini na skafu ya rangi hiyo.

Na bado, siku ya mazoezi ya kwanza ya mavazi, alilivaa joho la kijivu la bawabu, akatia mkono kwenye mfuko wake kama alivyozoea kila jioni, akaivaa stola na kupanda nayo jukwaani. Wala hakuliwaza. Kwake yeye ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya mstari.

Orkestra ilikatika katikati ya noti. Mpiga tarumbeta alikishika chuma cha kiti chake kwa mikono miwili, maana huku kwetu chuma ndicho kinga ya mkosi. Akina mama wa sauti ya kwanza waligeukia ukutani. Safu nzima ya sauti ya nne, watu aliokula nao na kuzika nao, ilirudi nyuma kana kwamba ameingia na nyoka.

Aliyesema ni Oreste, kinyozi, sauti ya tatu, kaka yake Nives.

"Shemeji. Umerogwa, au unataka kuturoga?"

Ermete alijitazama kifuani, ndipo akaona. Aliivua haraka, akaikunja, akaomba radhi kwa kila mtu, mpaka kwa mfagiaji. Watu walianza kutulia. Halafu taa moja kubwa ya juu ikapasuka, pa, na vioo vikamwagika mahali ambapo Shetani angesimama kitendo cha pili. Taa hiyo ilikuwa inalia tangu Krismasi na fundi alikwisha kulalamika. Lakini nani angesikia habari za fundi saa hiyo?

Mazoezi yalivunjika. Yalipoanza tena kesho yake, Ermete alikuwa na joho la kijivu tupu. Aliimba mstari wake vizuri, maestro akatikisa kichwa kukubali, mambo yakaonekana yamekwisha.

Hayakuisha. Kwa sababu sasa Ermete, aliyekuwa amezama katika mstari wake mmoja, alianza kuitazama opera nzima. Alikaa pembeni ya jukwaa akamwona Shetani akiingia na koti la mahameli nyekundu. Akatoka, akarudi na joho la dhahabu. Akatoka, akarudi na hariri ya kijani yenye vifungo vinavyometa. Mwisho akaja na taji na vazi jeupe linaloburuzwa na watumishi. Kila alipoingia, watu wa kwaya wenyewe walishusha pumzi. Kisha ukafika msamaha, nao umevaa gunia la kijivu.

Jumamosi alikwenda kunyolewa, akalisema akiwa na sabuni mashavuni.

"Oreste, Shetani ana mavazi manne."

"Mazuri, eeh? Lile la kijani fundi ameshona mpaka macho yamemtoka."

"Na Mungu hana hata utepe."

Wembe ulisimama. "Shemeji, usianze."

"Nasema tu. Tunawaonyesha watu vitendo vitatu jinsi dhambi inavyopendeza. Halafu tunawaambia warudi nyumbani, na nyumbani kwenyewe tumekufanya kama bohari la viazi. Mimi ningekuwa Anselmo nisingerudi."

"Utaivaa." Oreste hakuuliza. Alikuwa amemjua miaka mingi.

"Ni rangi ya kitubio. Padre akinisamehe mimi, huivaa. Nikimsamehe mtu mbele ya mji mzima, nivae nini?"

"Vaa bluu. Vaa nyeupe. Vaa pajama." Oreste aliuweka wembe chini. "Sikiliza. Babu yangu aliimba kwaya hii. Mama yake alikuwa akiwachemshia watoto maganda ya jibini Kwaresima nzima. Wewe unasema kitubio, mimi naona maganda. Ukiivaa, kwaya itapanda, kwa sababu tumempa maestro neno letu. Tutaimba. Lakini hatutakusogelea. Hakuna atakayekuja kumwinua yule mtu."

"Basi nitamwinua mwenyewe."

Oreste alimtazama kwenye kioo. "Umemwona Scaduto?"

Scaduto ndiye aliyemwimba Anselmo, mtu wa Sisilia, sauti kama asali na mwili kama kabati la sakristia. Kwenye maandishi, mtawa yule amekonda kwa kufunga.

"Nimemwona," alisema Ermete. "Malizia shavu la kushoto."

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Nives alimpokea mlangoni. "Kaka yangu anasema umekuwa Papa."

"Kaka yako anyoe nywele."

"Ermete, nimeungoja mstari huu pamoja na wewe. Roshani wakiona rangi hiyo watazomea kabla hujafungua mdomo. Watazomea, na hakuna atakayekusikia, na hutapewa mwingine. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Sikatazi. Nauliza kama unalijua."

Alikwenda tena kwa Don Silvio, na moyoni alitaka kusifiwa, tusifiche. Alitaka kuambiwa kwamba anapigania imani. Don Silvio alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Vaa nyeupe, Ermete. Mungu hagombani na mtu kwa sababu ya rangi. Watu wako wanaogopa, na kuogopa si dhambi."

Ermete alitoka pale amenyong'onyea. Alipita kwenye ghala ingawa ilikuwa siku ya mapumziko, akatembea kati ya safu za mapaja yanayoning'inia, gizani, kwenye harufu ile ya chumvi na mafuta iliyomlea. Alijiuliza kama ni kiburi. Aliona kwamba kipo, kidogo, kama unavyokuta doa karibu na mfupa. Lakini alipolinusa jambo lenyewe, chini ya kile kiburi, lilikuwa zima. Alitaka mtu mmoja kule juu kwenye roshani aseme rohoni mwake: hapo ni kwangu, nami ningerudi. Hakuwa na mavazi manne ya kumshawishi. Alikuwa na ukanda mmoja wa kitambaa kilichofifia.

Asubuhi alimwambia maestro kwamba ataivaa stola. Maestro Lusardi naye alikuwa mtoto wa ukumbi. Alitia mkono mfukoni, akashika kitu cha chuma humo. "Sauti yako, bega lako," alisema. "Lakini Tanzi, nikinyanyua fimbo, uimbe. Hata wakirusha viti."

Scaduto peke yake ndiye aliyecheka. "Mimi ni mtu wa Sisilia, mzee wangu. Kule kwetu tuna mikosi ya kweli. Huu wenu wa rangi ni wa watoto wadogo. Ila usiniangushe, nina goti baya."

Onyesho la kwanza liliangukia Jumapili mchana, baada ya chakula, wakati roshani imeshiba na haina huruma. Vitendo vitatu vilikwenda vizuri. Shetani alipigiwa makofi kwa kila vazi. Nives alikuwa jukwaani na wenzake wa sauti ya pili, amevaa kama mwanamke wa sokoni.

Kitendo cha nne. Mvua ya bati, ngurumo za ngoma. Scaduto alijikokota mpaka mlangoni akaanguka, na alianguka vizuri, mbao zikalia. Mlango ukafunguliwa. Ermete akatoka na taa mkononi, joho la kijivu, na juu yake ile zambarau.

Taa za jukwaa ziliifanya ing'ae kuliko ilivyong'aa jikoni. Kisha kutoka juu ukaanza mvumo, kama nyuki waliogongewa mzinga, na filimbi moja, na nyingine. Watu chini walishika funguo zao. Watawa wa kwaya walitoka mlangoni kama walivyoahidi, wakasimama mbali ukutani, wamebanana kama kondoo.

Ermete hakuimba. Aliweka taa chini. Aliinama, akamshika Scaduto chini ya makwapa kama anavyoshikwa mzigo mkubwa wa ghala, mgongo ukiwa wima, nguvu zikitoka miguuni. Akamwinua. Polepole, lakini akamwinua.

Sauti ikatoka roshani, ya muuza samaki mmoja anayejulikana na wote. "Ermete, paja hilo halijakauka. Angalia mgongo."

Roshani nzima ikaangua kicheko. Orkestra ikacheka. Inasemekana hata Shetani, akiwa amekaa pembeni anavua taji, alicheka. Mtu mwingine angekufa hapo. Ermete alisimama tu, Scaduto amemwegemea kifuani, uso umefunikwa na ile stola, na akangoja. Don Silvio alimwambia asiwe na haraka, naye hakuwa nayo. Maestro alinyanyua fimbo, akaishikilia hewani. Kicheko kikapungua, kikabaki hapa na pale, kikaisha. Ikawa kimya cha watu waliokwisha kucheka, ambacho ni laini kuliko kimya kingine chochote.

Fimbo ikashuka.

"Ingia, mwanangu. Mlango huu hatukuufunga."

Hakuuimba kwa nguvu. Aliuimba kama mtu anayesema na mwanawe usiku, asiyetaka kuwaamsha wengine. Sauti ile ya nne, iliyokuwa miaka yote chini ya sauti za watu kama msingi chini ya nyumba, ilisimama peke yake, na kumbe ilikuwa nyumba nzima. Ilipanda mpaka kwenye roshani ikakaa. Nives alifumba macho.

Muziki uliendelea, na hapo ndipo watawa walitakiwa kuja. Ermete alianza kumburuta Scaduto kuelekea mlangoni, hatua moja, nyingine. Goti la Scaduto lilikataa. Wakayumba.

Mtu akajitenga na ukuta. Alikuwa Oreste. Alikuja uso umekunjamana, mkono mmoja mfukoni umekamata funguo za kinyozi, na kwa ule mwingine akamshika Scaduto begani. Stola ikamgusa mkononi. Hakuutoa.

"Sogea kushoto, mpumbavu," alinong'ona huku akiimba sehemu yake. "Unambeba kama ng'ombe."

Wakaja wengine, kwanza wawili, kisha kwaya nzima, mpaka joho la kijivu halikuonekana tena, isipokuwa mstari mmoja wa zambarau katikati ya mikono ya watu. Wakamwinua mtawa wakamwingiza ndani. Pazia likashuka.

Waliokuwa nyuma ya pazia wakatazamana. Halafu yule muuza samaki akaita jina moja. Hakuita Ermete. Aliita "Tanzi", kwa jina la ukoo, kama wanavyoitwa wakubwa wanaokuja kwa treni. Na wenzake wakaitikia, Tanzi, Tanzi, wakipiga miguu kwenye mbao mpaka vumbi la dari likamwagika juu ya matajiri wa viti vya chini.

Kwaya huinama pamoja, kutoka nyuma. Mwenye mstari wake hutoka mbele peke yake. Ermete hakujua hata aanze na mguu upi.

"Nenda," alisema Nives.

"Nenda, shemeji," alisema Oreste, "kabla sijatubu kukusogelea."

Alikwenda mbele, mikono imening'inia, akainama vibaya, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Juu walipiga miguu zaidi.

Jioni, kwenye meza ndefu ya mkahawa wa nyuma ya ukumbi, roshani walitoa hukumu yao juu ya divai nyekundu. Walisema neno la mwisho lilikuwa chini kidogo, unyoya tu. Walisema rangi ile ni mkosi, na hawatabadili mawazo. Walisema pia kwamba hawajawahi kusikia mlango ukifunguliwa namna ile, na muuza samaki alikuwa akifuta macho akisingizia vitunguu.

Opera ile ilionyeshwa mara nyingine tatu kabla ya Kwaresima, na mara zote tatu Ermete alivaa stola. Hakubeba mtu tena. Kila alipofungua mlango alikuta watawa wamekwisha kumzunguka Scaduto, wanasukumana nani amshike kwanza, na yeye akabaki na kazi yake ya kusimama na kuimba. Hajapewa mstari mwingine tangu siku hiyo, wala hajauomba. Yuko kwenye safu ya sauti ya nne, wa tatu kutoka ukutani. Lakini wageni wakija mjini na kuuliza kwaya yetu ina nani wa maana, mtu yeyote wa roshani atawaonyesha kwa kidole: yule pale, mwenye kipara. Tanzi.